Jogoo Mwekundu wa Kenyenya

Kwanza mshike kifuani. Pitisha kidole gumba juu ya mfupa wa kidari. Ukiuhisi umechongoka kama kisu, huyo hana kitu, hata awe na manyoya ya kujazia mto. Kisha funua bawa, tazama chini yake kama kuna chawa. Fungua mdomo, unuse. Ndiyo, unuse. Mnacheka, lakini mimi nimenusa midomo ya kuku wengi kuliko mlivyokunywa vikombe vya chai, na pua hii ndiyo iliyosomesha watoto wangu wanne.

Ninyi vijana wa soko la mjini mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyofanya biashara ya kuku zamani, kabla ya hawa weupe wanaofugwa kwenye mabanda ya taa. Nitaeleza. Lakini msitarajie nipange mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu zangu zimekaa kama kuku ndani ya tenga. Ukifungua mfuniko, anayetangulia kutoka ndiye unayemshika.

Mimi si mtu wa Kisii kwa kuzaliwa. Niliolewa hapa kutoka Mumias, miaka michache baada ya Uhuru, na mume wangu Salim, Mungu amrehemu, alikuwa na hoteli ndogo karibu na msikiti. Meza sita, jiko moja, na mama yake, Bi Aziza, aliyekaa mlangoni akiona kila kitu. Wateja wetu walitaka kuku wa kienyeji, mchuzi mzito, na chapati. Kuku hao walitoka kwenye masoko ya vijijini, na aliyekuwa akizunguka kuwanunua ni Bi Aziza mwenyewe. Nilipoingia kwenye nyumba ile, magoti yake yalikuwa yamechoka na vilima. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. "Huyu atapanda," akamwambia Salim. Wiki ya pili nilikuwa nimepanda basi na matenga mawili matupu juu ya paa.

Makosa yangu ya mwanzo yangejaza ndoo. Mara ya kwanza kwenda peke yangu nilichagua Jumamosi, kwa kuwa kwetu Jumamosi ni siku ya watu wengi. Nikafika kwenye kisoko kimoja upande wa Nyamira, nikakuta uwanja mtupu, mbuzi wawili wamelala pale wanapouzia ndizi. Kutoka kilimani nikasikia kwaya inaimba. Nikakaa juu ya tenga langu mpaka kanisa likatoka, na mama mmoja aliyevaa gauni jeupe akaja akanisimamia.

"Mama, unangojea nini?"

"Nangojea soko."

"Soko ni kesho. Leo ni Sabato. Hapa leo hata yai haiuzwi." Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanipeleka kwake, akanipa ndizi mbivu, kwa kuwa siku hiyo hapiki, na nikarudi mjini na matenga yangu matupu. Nilimwambia Bi Aziza kwamba kuku walikuwa wachache. "Jumamosi?" akasema. "Hata mmoja ungekuwa muujiza."

Na lugha! Kigusii, lugha ya huku, sikukijua hata neno. Siku moja nilimwona mtoto wa kike amekaa karibu na kuku wanne wazuri. Nikamuuliza, kuku ni wa nani? Akasema, "Ni za baba." Nikauliza baba yuko wapi. Akaonyesha kwa mdomo upande wa pili, ambako mama yake alikuwa amekaa akisuka kikapu. Nikadhani baba amekwenda nyuma ya maduka. Nikangoja. Mama yule ananitazama, mimi namtazama, jua linasogea. Mwisho akachoka akaniuliza, "Sasa wewe unanunua ama unalinda?" Ndipo nikafahamishwa kwamba kwa Kigusii baba ni mama, na baba mwenyewe huitwa tata. Saa nzima nilikuwa nimemngoja mtu aliyekaa mbele yangu.

Kuhusu mayai, sikilizeni vizuri, maana hata leo mnadanganywa. Kunja kiganja kama bomba, weka yai mwisho wake, lielekeze kwenye jua, uchungulie. Likiwa jekundu na safi, nunua. Likiwa na kivuli, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Mimi niliwahi kupata mayai thelathini kwenye soko dogo nje kidogo ya mji, yote yana joto. Nikafurahi: haya yametagwa leo! Sikuchungulia hata moja. Nikayapanga kwenye kikapu chenye makapi ya wimbi, nikakiweka karibu na jiko ili panya wasikifikie. Siku ya pili asubuhi karani mmoja akaagiza mayai mawili ya kukaanga. Salim akapasua la kwanza, kikatoka kifaranga kimelowa, kikamtazama. Kikapuni kukaanza kulia piyo, piyo. Joto lile lilikuwa la kuku aliyekuwa akiatamia.

Bi Aziza alikuja, akachungulia kikapu, akasema, "Salim, mkeo ameleta wateja wapya. Watakula mtama." Vifaranga kumi na tisa vikaishi. Karani yule hakurudi kwa mwezi mzima.

Basi Bi Aziza ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini hakunificha kitu. Alinifundisha kumbeba kuku bila kumning'iniza miguu juu kama mzoga, kwa sababu damu hujaa kichwani na mnunuzi akimwona macho mekundu hamtaki. Alinifundisha kunyunyizia matenga maji kabla ya basi kuondoka. Na alinipa amri moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: kuku mgeni akae peke yake siku kumi na nne kabla ya kuchanganywa na wengine au kuuzwa kwa mtu wa kufuga. Wa kuchinjwa, mchinje. Wa kufugwa, mngoje.

Sasa nitawaeleza kuhusu jogoo mwekundu.

Kenyenya kulikuwa na mama aliyeitwa Mama Kemunto. Alikaa siku zote mahali pamoja, chini ya ukuta wa duka la chumvi na mafuta ya taa, juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kuku wake walikuwa wazito, na hakuwahi kuniuzia mgonjwa. Siku moja akaniambia, "Mama Rukia, jogoo yangu imezeeka. Wewe unazunguka masoko yote. Niletee jogoo kubwa, nyekundu, ya mbegu. Binti yangu Kemunto atajifungua mwezi unaokuja, na nataka kuku ya kumpikia supu isikatike." Nikamwahidi.

Wiki ile ile kulikuwa na harusi mjini, na Salim alikuwa ameahidi kuku thelathini. Nikaenda Magwagwa, mbali kule juu, ambako kuku walikuwa wengi siku zote. Siku hiyo walikuwa wengi kupita kiasi. Kila mama alikuwa na kuku, na kila mama alikuwa na haraka. Bei iliteremka hata kabla sijafungua mdomo. Kuku wa shilingi tano anatolewa kwa tatu, na muuzaji anaondoka upesi bila kutazama nyuma. Ningekuwa na akili, ningepanda basi nikarudi. Lakini nilikuwa nikihesabu thelathini.

Na hapo ndipo nilipomwona jogoo. Mwekundu kama matofali, kifua kipana, shingo inang'aa. Nikamshika kidari, nikafunua bawa, nikanusa. Nilipomwinua aliniachia kinyesi kwenye leso, na kinyesi kilikuwa cha kijani. Kijani kibichi, chembamba kama maji. Nikakitazama. Nikajiambia, amekula mboga ya managu. Nikajifuta, nikalipa.

Siku mbili baadaye ilikuwa soko la Kenyenya. Bi Aziza aliniuliza, "Huyo jogoo unampeleka wapi?" Nikasema ni wa kuchinjwa. Huo ulikuwa uongo, na nilimwambia mama mkwe wangu bila kupepesa macho.

Mama Kemunto alimpokea kwa mikono miwili. Alimzungusha, akamsifu kwa Kigusii, akawaita wenzake waje kumwona. Akampeleka nyumbani amemkumbatia kama mgeni aliyetoka safari.

Siku ya tatu, asubuhi, uani kwetu kuku mmoja alikuwa amepinda shingo, kichwa kimegeukia mgongoni. Adhuhuri walikuwa sita. Jioni hatukuhesabu tena. Kilikuwa kideri, ugonjwa unaofyeka kuku wa kijiji kizima. Harusi ililishwa ng'ombe, na mimi na Bi Aziza tukachimba shimo nyuma ya jiko tukachoma matenga, vikapu, hata kamba. Kisha Bi Aziza akasimama, akaegemea jembe.

"Yule jogoo alichinjwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Yuko wapi?"

"Kenyenya. Kwa Mama Kemunto."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku ya soko ilipokaribia, Salim alisema nisiende. "Nunua Keroka. Nunua Nyamira. Masoko ni mengi. Kule watakupiga." Nami nilikuwa tayari kumsikiliza. Masoko yalikuwa mengi kweli. Ningeweza kuishi maisha yangu yote bila kukanyaga Kenyenya. Ni Bi Aziza aliyesema kutoka mlangoni, "Atakwenda. Na hatabeba kuku hata mmoja. Ataoga, atavaa nguo safi, ataosha viatu kwa maji ya majivu. Atakwenda."

Nikaenda. Gunia la Mama Kemunto halikuwapo. Wanawake wengine waliniona wakaacha kuzungumza. Nikasimama pale chini ya ukuta, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi. Baada ya muda akaja, bila kikapu. Akanisalimu kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

"Habari ya Salim?"

"Nzuri."

"Kuku zangu imekwisha. Kumi na saba. Jogoo ndiyo ilianza." Akanitazama. "Mama Rukia, wewe ulijua?"

Jibu la urahisi lilikuwa mdomoni. Nani angejua? Kuku ni kuku, ugonjwa unatoka kwa Mungu. Lakini alikuwa amesimama karibu nami sana, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliona kinyesi cha kijani," nikasema. "Nikajiambia ni mboga."

Nilisikia mtu akipiga nyundo kwa fundi wa masufuria.

"Basi ulijua nusu," akasema.

"Nilijua nusu."

Nikatoa pesa nilizokuwa nimefunga kwenye pindo la leso. Akausukuma mkono wangu. "Weka. Sasa imefika kwa jirani yangu, na kwa jirani yake. Ng'ambo ya kijito bado. Dada zangu wanakaa ng'ambo ya kijito. Wewe unatembea sana, unajua watu. Niambie itasimama wapi."

Nikarudi mjini, na kesho yake nikaenda ofisi ya mifugo. Kulikuwa na kijana pale, Bwana Ombati, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alishangaa. Watu walikuja kwake kwa ajili ya ng'ombe. Kuku wa kijijini hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

"Chanjo ipo," akasema. "Lakini inataka baridi. Ikipata joto inakufa, halafu unatia macho ya kuku maji ya bure. Na ukishaichanganya ni saa mbili tu. Chupa moja ni kuku mia. Nani atanikusanyia kuku mia kwa saa mbili? Na wasikusanywe sokoni, mama, maana mtaeneza ugonjwa. Kila kuku akae kwake."

"Baridi niachie mimi," nikasema. "Na kuku niachie mimi."

Alinitazama kama mtu anayetazama yai dhidi ya jua.

Barafu niliipata kwa mwenye duka la soda. Niliivunja, nikaifunga kwenye gunia dogo, nikaiweka ndani ya kikapu cha mayai. Chini makapi ya wimbi, pembeni magamba makavu ya mgomba, katikati thamosi yenye zile chupa ndogo, juu makapi tena, halafu blanketi la mwanangu Rukia. Mtu aliyeweza kusafirisha mayai mia mbili kwenye barabara za Kisii bila kupasua hata moja alijua kufunga kitu. Tulipofika Kenyenya Bwana Ombati akatia mkono, akautoa upesi. "Baridi kama kifo," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza.

Hiyo ilikuwa siku ya soko. Kazi yenyewe ilikuwa ifanyike kesho yake alfajiri, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Kwa hiyo nilihitaji wanawake wa ng'ambo ya kijito wakubali. Nikasimama juu ya debe nikaeleza. Mama mmoja akapaza sauti, "Huyu ndiye alituletea kifo. Leo analeta dawa?" Wengine wakaitikia.

Mama Kemunto akasogea mbele. Alizungumza kwa Kigusii kwa muda mrefu, ile sauti yake ikifika mpaka kwa wauza ng'ombe, huku akininyooshea kidole mara tatu. Wanawake wakaguna, wakacheka kidogo, kisha wakaanza kutaja maboma yao.

Nilimuuliza baadaye alisema nini. "Nilisema wewe ni mjinga, lakini si mwongo."

Usiku huo tulilala kwa mwalimu wa shule. Alfajiri Mama Kemunto alioga, akaosha miguu kwa majivu, na kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa zimegusa kuku wagonjwa, nikampa leso zangu. Ilibidi azishikilie kila hatua, maana hakuzoea. Tukavuka kijito watu watatu: yeye anaita wenye nyumba, mimi nashika kuku, Bwana Ombati anatia tone jichoni. Nilikuwa na mikono ya haraka siku hizo. Mshike mabawa yote mawili kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, kigeuze, tone, hesabu mpaka tatu ili alipepese, mwachie. Saa mbili zilikuwa kama dakika tano. Jogoo mmoja alitoroka akaingia kwenye mahindi, na watoto wa nyumba nne wakamfuata kwa kelele. Mzee mmoja, baada ya kutazama kwa makini, akavua kofia akainua uso: macho yake yamemsumbua tangu mvua za mwaka jana, na yeye atiwe. Bwana Ombati alimweleza kwa upole, na mzee akaudhika kwamba kuku wake wanathaminiwa kuliko yeye.

Nyumba tatu zilikataa. Ugonjwa ulipovuka kijito wiki iliyofuata, zile tatu zilipoteza karibu kuku wote. Zilizochanjwa zilipoteza wachache sana, na mbele zaidi haukwenda. Bwana Ombati aliandika ripoti, na tangu hapo nilimpelekea habari kila nilipoona kuku wanauzwa kwa haraka sokoni. Miaka ya sabini ilipofika katikati, wanawake wenyewe walikuwa wakienda ofisini kuulizia chanjo, na hakuna aliyeshangaa.

Lakini deni langu kwa Mama Kemunto lilibaki. Nilinunua mitetea sita na jogoo mmoja, kila mmoja kutoka nyumba niliyoijua. Nikawafungia kwa siku kumi na nne, na Bi Aziza alikuwa akiwakagua asubuhi na jioni kama askari. Ya kumi na tano nikawapeleka Kenyenya.

Mama Kemunto alikuwa amerudi mahali pake, juu ya gunia lake. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na supu ilikuwa imepikwa kwa kuku wa mama zake wadogo wa ng'ambo ya kijito. Nikamwekea tenga mbele. Hakunishukuru. Alimtoa wa kwanza, akamshika kidari. Akafunua bawa. Akafungua mdomo, akanusa. Akamgeuza, akatazama nyuma. Akamweka chini, akamchukua wa pili. Soko zima lilikuwa likitazama, na mimi nimesimama pale kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kuku saba, na hakuharakisha hata mmoja.

Wa tano akanirudishia. "Hii iko na chawa."

Nikamtazama bawa. Kweli, wawili.

"Hizi zingine zitakaa peke yake wiki mbili," akasema. "Halafu uje."

Nilikuja. Alikuwa na mjukuu mgongoni, na mbele yake kulikuwa na mtetea mmoja mnene, mweusi mwenye madoa. Nikamuuliza bei. Akataja bei kubwa mno, bei ambayo hata mgeni kutoka Nairobi angeikataa, akanitazama moja kwa moja usoni, akingoja.

Nikafungua pindo la leso, nikalipa yote. Akahesabu pesa, akazitia kifuani, kisha akajisogeza upande mmoja wa gunia.

"Keti," akasema. "Leo jua ni kali."